Dawa ikikoma, seli hazijasahau

Kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, hadi Hospitali Kuu ya Kamuzu jijini Lilongwe ni kilomita zipatazo 45. Mgonjwa wa saratani aliyepewa rufaa huurudia umbali huo kila baada ya wiki mbili au tatu: kupimwa damu, kungoja majibu, kuwekewa dripu, kurudi nyumbani na kichefuchefu. Mizunguko ikitimia, uvimbe ukiwa umesinyaa, husemwa kwamba amemaliza dawa, ndugu wakamshukuru Mungu, na safari za Lilongwe zikakoma. Hoja ya makala haya ni kwamba siku hiyo kuna kazi moja ambayo bado haijafanywa, nayo hupewa uzito mdogo mno na hospitali, na mashirika ya wakimbizi, na wagonjwa wenyewe: kuandika kwa ukamilifu mwili ule umepewa dawa gani na kwa kiasi gani, kisha kuhakikisha maandishi hayo yanamfuata mwenye mwili popote atakapokwenda. Atakayedhani hili ni suala la makarani amekosea. Sababu zake zimo maabarani, katika utafiti wa zaidi ya miaka 60 kuhusu namna seli zinavyozeeka.

Kabla ya mwaka 1961 wanasayansi wengi waliamini kwamba seli ikilishwa vizuri ndani ya chupa itaendelea kujigawa milele. Imani hiyo iliegemea sifa ya Alexis Carrel, daktari Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel, ambaye alidai kutunza seli za moyo wa kuku zisizokoma. Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wakiwa Taasisi ya Wistar mjini Philadelphia, walionyesha vinginevyo: seli za kawaida za binadamu hujigawa mara zipatazo 50, kisha husimama. Hazifi. Huendelea kula, kutoa taka na kufanya baadhi ya shughuli, lakini kujigawa zimeacha kabisa. Baadaye ikafahamika kwamba telomia, vile vipande vilivyo kwenye ncha za kromosomu, hufupika kila seli inapojigawa. Uchunguzi wa telomia uliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak Tuzo ya Nobel ya mwaka 2009. Hata hivyo kuchoka kwa telomia ni njia moja tu. DNA ikikatika vibaya kwa mionzi au kwa sumu, seli changa kabisa inaweza kuzeeka ndani ya siku chache. Nitaiita seli ya namna hiyo seli kongwe, na msomaji akumbuke kwamba ukongwe huu hauhusiani na umri wa mwenye mwili: mtoto wa miaka sita anaweza kuwa nazo kwa mamilioni.

Mwili ulihitaji mtambo kama huo kwa nini? Jibu lenye ushahidi mwingi ni kwamba ukongwe wa seli ni kinga dhidi ya saratani. Seli yenye DNA iliyoharibika ikisimama, madhara yake huishia pale pale. Ikikataa kusimama na kuendelea kuzaa kasoro zake, uvimbe huanza. Kila saratani basi, kabla ya kuwa saratani, ilipata namna ya kuukwepa ukongwe. Takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani huwasha telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomia upya. Nyingi pia huharibu protini zinazotoa amri ya kusimama. Na hapa ndipo Malawi inapoingia, kwa sababu saratani inayoua wanawake wengi zaidi nchini humo ni ile ya mlango wa kizazi, na kiwango cha vifo vyake ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yalikiweka juu ya vifo 50 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha tofauti za umri kati ya nchi na nchi.

Karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya HPV, na virusi hivyo vina protini mbili za kuogopwa, E6 na E7. E6 huisababisha seli kuiteketeza p53, protini inayoiamuru seli iliyojeruhiwa isimame. E7 huizuia protini ya Rb, ambayo ndiyo mtekelezaji wa amri hiyo. Kwa pamoja huipokonya seli uwezo wa kuzeeka, na saratani huja nyuma yake, mara nyingi baada ya miaka 10 au 20. Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka kwenye seli mashuhuri za HeLa, zilizochukuliwa mwaka 1951 katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mwamerika Mweusi aliyekuwa na saratani hiyohiyo, bila ridhaa yake. Mwaka 2000 Daniel DiMaio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliziingizia jeni inayozima E6 na E7. Seli zilizokuwa zimejigawa bila kukoma kwa karibu miaka 50 zikasimama ndani ya siku chache, zikatanuka, zikawa kongwe. Uwezo wa kuzeeka haukuwa umepotea, ulikuwa umezibwa. Wataalamu wanaosoma vipande vya nyama kwa hadubini huuona mkasa huu kila siku: hutafuta protini inayoitwa p16, ambayo kwa kawaida ni alama ya seli kongwe, na huikuta imejaa tele ndani ya saratani ya HPV. Seli inapiga kelele za kusimama, lakini wa kuzisikia ameshanyamazishwa.

Hadi hapa ukongwe wa seli ni rafiki. Matibabu nayo huutumia urafiki huo, ingawa kwa miaka mingi madaktari hawakujua. Ilidhaniwa kwamba dawa za saratani huua seli tu. Utafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba doksorubisini, sisplatini na mionzi, ambavyo vyote huvunja DNA, huziua seli nyingi na kuziacha nyingine zikiwa hai lakini zimesimama. Uvimbe husinyaa, picha hupendeza, na ndani yake wamebaki wakongwe. Zipo hata dawa mpya zilizobuniwa kwa lengo la kuisimamisha seli badala ya kuiua, kama palbosiklibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti. Bei yake iko mbali mno na mfuko wa mgonjwa wa kawaida wa Lilongwe, kwa hiyo tuiache.

Tatizo ni tabia ya wakongwe hao. Judith Campisi, mtafiti aliyefanya kazi California hadi kifo chake mwaka 2024, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2008 kwamba seli kongwe humwaga nje mchanganyiko wa kemikali za kuamsha uvimbe wa joto na maumivu (si uvimbe wa saratani), zikiwamo intalukini-6 na vimeng'enya vinavyomung'unya tishu za jirani. Ni kama mstaafu aliyekabidhi ofisi lakini hataki kutoka mlangoni, kutwa kucha anawafokea waliobaki kazini. Kwa muda mfupi kelele hizo zina faida: huita askari wa kinga waje kuondoa seli mbovu, na husaidia kidonda kufunga. Zikidumu kwa miezi na miaka, huharibu tishu zilizo salama, na zinaweza hata kuzichochea seli za saratani zilizosalia. Mtu mzima mwenye kinga imara huwaondoa wengi wa wakongwe hao. Mwenye kinga dhaifu huwaondoa wachache zaidi.

Majaribio mawili yanastahili kutajwa kwa sababu dawa iliyotumika ni ileile inayoning'inizwa kwenye dripu za Lilongwe. Mwaka 2017 Marco Demaria, Campisi na wenzao walichapisha matokeo ya panya waliopewa doksorubisini. Walipoziondoa seli kongwe zilizozalishwa na dawa hiyo, madhara kwa moyo wa panya yakapungua, uchovu ukapungua, na saratani ikarudi kwa nadra zaidi. Mwaka uliofuata kundi la Clemens Schmitt mjini Berlin likaonyesha jambo la kutisha zaidi: seli za limfoma zilizokuwa kongwe, zikifaulu kutoroka ukongwe huo, hurudi na sifa za seli shina na ukali kuliko zilivyokuwa mwanzo. Panya si binadamu, na chupa ya maabara si mwili. Lakini matokeo hayo yanaeleza jambo ambalo madaktari wa saratani wameliona kwa macho tangu zamani, kwamba ugonjwa ulionyamaza kwa miaka miwili unaweza kuamka ukiwa na hasira mpya.

Kwa binadamu kipimo kipo pia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walipima p16 ndani ya seli za kinga za wanawake waliotibiwa saratani ya matiti kwa dawa. Kipimo kilipanda kwa kiasi ambacho kwa kawaida humchukua mtu karibu miaka 15 kukifikia, na mwaka mmoja baada ya matibabu kilikuwa bado juu. Chuo hichohicho ndicho chenye mradi wa utafiti Lilongwe, jirani na Hospitali Kuu ya Kamuzu, uliodumu kwa zaidi ya miongo miwili. Maarifa haya basi hayako ng'ambo ya bahari tu. Huko Memphis, hospitali ya watoto ya St. Jude ilifuatilia watu waliopona saratani wakiwa watoto. Walipofika miaka ya 30 na kitu, baadhi yao, hasa wanawake, walikuwa na udhaifu wa mwili ambao kwa wengine hutazamiwa baada ya miaka 65. Tukumbuke vilevile kwamba VVU yenyewe huongeza alama za uzee katika seli za kinga, na Malawi ni nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2020 karibu mtu mzima 1 katika kila 11 alikuwa akiishi na virusi hivyo. Mgonjwa wa saratani ya Kaposi, inayowapata hasa wenye VVU, anayetumia dawa za kufubaza VVU na dripu za saratani kwa pamoja anazeeshwa na vitu vitatu: kirusi, saratani na tiba.

Je, wapo wagonjwa Malawi wanaoishi muda wa kutosha hata madhara ya miaka ya baadaye yawe na maana? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halijibiwi kwa maneno matamu. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Nchi haikuwa na mashine ya tibamionzi tangu uhuru wa mwaka 1964 hadi miaka ya 2020. Waliobahatika walipelekwa nje ya nchi, Zambia au India, na wasiobahatika walibaki. Atakayesema kwamba kuzungumzia uzee wa seli katika hali hiyo ni anasa ana haki ya kusikilizwa. Lakini picha imebadilika upande mmoja ambao hausemwi sana. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza, mwaka 2011, kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa za kufubaza maisha yao yote, na watu ambao zamani wangekufa sasa wanazeeka. Jaribio kubwa la saratani ya Kaposi lililohusisha Malawi, Kenya, Uganda, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, lililochapishwa mwaka 2020, lilithibitisha kwamba paklitakseli pamoja na dawa za VVU ina matokeo bora kuliko tiba za zamani ilizolinganishwa nazo. Na utafiti wa limfoma uliofanywa Lilongwe, ambamo rituksimabu iliongezwa kwenye dawa za kawaida, uliacha zaidi ya nusu ya wagonjwa wakiwa hai baada ya miaka miwili. Mtoto mwenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka 1958 anaweza kupona. Waliopona wapo, wanaongezeka, na hakuna anayewahesabu vizuri.

Sasa tuwatazame wa Dzaleka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 14,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na msikitini. Kituo cha afya cha kambi huhudumia pia Wamalawi wa vijiji vya jirani. Mkimbizi haruhusiwi kisheria kuishi atakapo. Mwaka 2021 serikali iliwaamuru waliokuwa mijini warudi kambini, na mwaka 2023 amri hiyo ikatekelezwa kwa nguvu, Lilongwe ikiwamo. Wakati huohuo watu huondoka: wanaopewa makazi mapya Kanada, Ulaya au Australia, wanaorudi kwao, wanaoshika njia ya kusini bila kuaga. Jamii hii ina historia ya tiba iliyogawanyika vipandevipande. Mama wa miaka 40 anaweza kuwa alizalia Uvira, akapimwa VVU Kigoma, akatibiwa saratani Lilongwe, na kesho akaamkia Winnipeg. Kila kituo kimeandika kipande chake, na hakuna kituo chenye habari nzima.

Seli zake ndizo zenye habari nzima. Chukua doksorubisini, dawa nyekundu ambayo wagonjwa huijua kwa rangi yake. Kuna kiwango cha maisha yote ambacho madaktari hawapendi kukivuka, kati ya miligramu 450 na 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa sababu moyo hulegea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba karibu asilimia 5 ya wagonjwa hupata moyo kushindwa kazi wakifikia miligramu 400, na karibu asilimia 26 wakifikia 550. Moyo huumizwa kwa njia zaidi ya moja, na seli kongwe ni mojawapo tu. Lakini njia zote hizo hujumlisha, hazianzi upya kwa kuvuka mpaka. Mizunguko sita ya tiba ya kawaida ya limfoma humpa mgonjwa miligramu 300 kwa kipimo hichohicho cha mita ya mraba. Miaka kumi baadaye akipata saratani ya matiti, mizunguko minne ya tiba ya kawaida ingeongeza 240. Jumla 540. Daktari wa Winnipeg asiyejua zile 300 za Lilongwe anaweza kuuvunja moyo wa mama huyo bila kukusudia. Na daktari mwoga, aliyesikia tu kwamba mama huyu aliwahi kupewa dawa ya saratani asiyoijua jina, anaweza kumnyima dawa ambayo ingemponya. Madhara yote mawili yanazuiwa na mstari mmoja wa wino.

Malawi ina chombo cha kuuandikia mstari huo, tena chombo ambacho nchi tajiri zingepaswa kukionea wivu. Mgonjwa hutembea na kitabu chake cha hospitali, akinunua kingine kinapojaa, na kila anayemhudumia huandika humo. Ubaya ni kwamba kitabu huandikwa ziara kwa ziara: homa, malaria, dripu ya tatu, damu pungufu, rudi baada ya wiki tatu. Hakuna ukurasa unaojumlisha. Kikijaa huwekwa juu ya kabati au hupotea katika kuhama, na kipya huanza na ukurasa mweupe, kana kwamba mwili nao ni mpya. Ninachopendekeza ni kidogo: siku ya dripu ya mwisho, kliniki ya saratani ijaze ukurasa mmoja wenye jina la ugonjwa na namna ulivyothibitishwa, jina la kila dawa na jumla ya kiasi chake, madhara yaliyojitokeza, na dalili zitakazomfanya arudi haraka. Nakala ya pili ibaki Dzaleka katika kituo cha afya. Ya tatu ipigwe picha kwa simu ya mgonjwa au ya mwanawe.

Ukurasa huo uhusishe hata chanjo. Malawi ilianza kutoa chanjo ya HPV kitaifa Januari 2019. Rwanda ilianza mwaka 2011, ikiwa ya kwanza barani. Binti aliyesoma Rwanda huenda amekingwa, na jirani yake wa nyumba ya pili, aliyekulia Kivu Kusini, yaelekea hakupata kitu. Muuguzi anayepima mlango wa kizazi kwa siki hawezi kuwatofautisha kwa macho. Na kwa kuwa kirusi kile huziba ukongwe wa seli miaka mingi kabla ya uvimbe kuonekana, kupima na kuchoma kwa joto madoa ya awali ndiyo tiba ya bei rahisi kuliko zote katika eneo hili la sayansi.

Wapo watakaoniuliza: ukiwaambia watu kwamba dawa huzeesha mwili, huoni utawatia hofu wakimbilie waganga na maombi pekee? Hatari hiyo ni ya kweli. Jibu langu ni kwamba hofu hulelewa na kimya kuliko inavyolelewa na maelezo. Watu wa kambini wanawaona waliotibiwa wakichoka kwa mwaka mzima, nywele zikirudi na nguvu zisirudi, na wasipopewa sababu hujitungia yao, ya uchawi au ya dawa mbovu. Afadhali waambiwe ukweli kwa mpangilio wake: saratani isiyotibiwa huua, tiba huokoa, na ukongwe inaoleta ni sehemu ya namna inavyofanya kazi, gharama yake hulipwa taratibu na inaweza kuangaliwa. Aliyeambiwa kwamba uchovu una sababu haachi dripu ya nne akidhani amerogwa. Tena kuacha katikati ndiyo hali mbaya kuliko zote: mwili umekwisha kulipa sehemu ya gharama, na uvimbe umebakishiwa seli za kutosha kuanza upya.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie dawa za kuwaondoa hao wakongwe. Zipo, angalau majaribioni. Mwaka 2015 watafiti wa Kliniki ya Mayo na wenzao waliripoti mchanganyiko wa dasatinibu, ambayo ni dawa ya saratani ya damu, na kwesetini, kemikali iliyomo katika vitunguu na matofaa. Jaribio la kwanza kwa binadamu, mwaka 2019, lilikuwa na wagonjwa 14 tu wenye mapafu yaliyokakamaa. Dawa nyingine ya aina hiyo, iliyojaribiwa kwa wenye maumivu ya goti na kampuni ya Unity Biotechnology, ilishindwa mwaka 2020. Nyingine hupunguza chembe za kugandisha damu kwa kiasi cha kuhatarisha. Na kwa kuwa seli kongwe husaidia vidonda kufunga, kuzifagia zote bila kuchagua kunaweza kuleta balaa lake. Vidonge vya kwesetini tayari vinauzwa mitandaoni kama kinga ya uzee. Mgonjwa aliyemaliza tiba Lilongwe asitumie hata kwacha moja kwavyo. Sayansi hii inaweza kuzaa tiba nzuri siku moja. Kwa leo imezaa sababu nzuri ya kutunza kumbukumbu, na hilo si dogo.

Pingamizi la mwisho linatoka kambini kwenyewe, nami naliheshimu kuliko mengine. Ukurasa unaosema Kaposi unasema pia VVU kwa anayejua kusoma. Ukurasa unaosema saratani, mwenye nao anahofu, unaweza kufunga mlango wa kuondoka. Hofu ya pili ina ukweli mdogo kuliko inavyosimuliwa: miongoni mwa vigezo vya UNHCR vya kumpendekeza mtu apewe makazi mapya kimo kigezo cha mahitaji ya matibabu, na uchunguzi wa afya hufanywa kabla ya safari, mtu apende asipende. Hofu ya kwanza ni ya kweli tupu. Nyumba za Dzaleka zimebanana, kabati halina kufuli, na wajomba hufungua vitabu vya watu. Kwa hiyo ukurasa uwe wa mgonjwa, ndani ya bahasha iliyofungwa, na yeye aamue amwonyeshe nani. Asiyetaka kuubeba asilazimishwe, mradi nakala ya hospitali ipo na anajua jinsi ya kuiomba.

Haraka ya jambo hili inaongezeka kwa sababu tibamionzi imeanza kuingia nchini. Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa katika kundi la kwanza la mpango wa Miale ya Matumaini uliozinduliwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki Februari 2022, na Lilongwe imejengewa Kituo cha Taifa cha Saratani. Mionzi huacha seli kongwe mahali ilipopita, na tishu iliyokwisha kuchomwa haivumilii kipimo kilekile mara ya pili. Daktari atakayefuata lazima ajue ni nyonga au kifua, ni grei (kipimo cha mionzi) ngapi, na mwaka gani. Maandishi hayo yataandikwa kwa Kiingereza cha vifupisho, na ni sawa yawe hivyo, maana atakayeyasoma anaweza kuwa Lusaka, Nairobi au Winnipeg. Lakini mwenye kuyabeba mara nyingi anasoma Kiswahili, au Kirundi, au hasomi kabisa. Kwa hiyo siku ya kukabidhiwa ukurasa ule awepo mkalimani, na wakalimani Dzaleka wapo wa kutosha, amsomee mstari kwa mstari, amtajie jina la dawa yake hadi aweze kulitamka mwenyewe.